Mtani Aliyeitwa Mwizi

Machimboni, Kisarawe
7 Julai 2024

Shangazi Sikudhani, shikamoo.

Natumai hapo Gwata mmeamka salama na ule mguu ulioteguka umepona. Mimi ni mzima, ila mgongo. Nakuandikia barua kwa sababu simu yangu ilitumbukia kwenye maji ya shimoni, na kuazima simu ya mtu hapa ni kukubali kambi nzima isikilize shida zako. Hamza, dereva wa lori, hupeleka udongo kiwandani na kupita Mlandizi karibu kila wiki. Ameahidi kukuachia barua sokoni, kwenye meza yako ya mihogo. Majibu mpe yeye.

Tunachimba udongo mweupe wa kutengenezea vigae. Kazi yangu ni sururu asubuhi na beleshi mchana. Ikifika saa sita hatutambuani, wote tumekuwa kama watu waliomwagiwa unga. Sikufika mbali shuleni, kwa hiyo silalamiki kuhusu kazi. Ninayemlalamikia ni mtu mmoja.

Anaitwa Ponsiano. Ni mzee wa Kinyamwezi, yupo hapa miaka kumi na moja. Siku ya kwanza aliniuliza, "Kijana, wewe mtu wa wapi?" Nikamwambia Kibaha, Kongowe. Akasema, "Kongowe ni kituo cha basi, siyo kwenu. Babu yako kazikwa wapi?" Nikasema Gwata. Basi akaruka kama aliyeokota dhahabu. "Mkwere. Jamani, nimeletewa Mkwere."

Tangu siku hiyo sina amani. Nikikaa kula, anachukua nyama kwenye sahani yangu, anaitafuna akiniangalia usoni. Nikipumzika kidogo anatangaza, "Mkwere akipewa beleshi anauliza kwanza kivuli kiko wapi." Anasema babu zake walitembea miezi mitatu kutoka Tabora na pembe za ndovu begani, wakati babu zangu wamelala barabarani wanasubiri kuwauzia maji. Ananiita mtumwa wake. Watu wote wanacheka, hata Recho anayetupikia.

Na yeye mwenyewe hachimbi. Asubuhi nzima anazunguka na mpini wa sururu, anagonga ukuta wa shimo, anaweka sikio, anagonga tena. Halafu analipwa kuliko mimi.

Mimi sijawahi kumwita mtu kwa kabila lake. Mama alitulea akisema nyumba yake haina kabila. Shangazi, nimechoka. Akiendelea nitamfanyia kitu.

Wasalimie wote nyumbani.
Yassin Hamidu


Gwata
18 Julai 2024

Mwanangu Yassin, marahaba.

Mguu umepona, ila sasa nimeanza kuusikia wa pili. Mihogo ya mwaka huu ni midogo na wanunuzi wanaipapasa kama wananunua ng'ombe. Binamu yako Saida amejifungua mtoto wa kike. Mjomba wako Amiri anakusalimu, bado anajenga choo kilekile.

Sasa nisikilize, na usome polepole, maana najua ukikasirika husomi unapekua tu.

Huyo mzee ni mtani wako. Wanyamwezi na sisi ni watani tangu enzi hizo za pembe anazokusimulia. Anakula nyama yako kwa sababu ni yake. Anakuita mtumwa kwa sababu na wewe unatakiwa umwite mtumwa. Anakuchokoza ili umchokoze. Amekuona umekuja peke yako, huna ndugu hapo kambini, akajifanya ndugu yako kwa njia anayoijua. Na wewe umenuna. Lo, umemtia aibu mzee wa watu.

Akichukua kitu chako, chukua chake. Akikutukana, mtukane yeye na ukoo wake, ila usimtukanie mama. Jambo moja tu usifanye: usimpeleke kwa mkubwa wa kazi, wala kwa mjumbe, wala polisi. Ya watani yanaishia kwa watani.

Nijibu haraka ili nijue umeelewa.

Shangazi yako,
Sikudhani


Machimboni, Kisarawe
6 Agosti 2024

Shangazi, shikamoo.

Poleni na kazi za shamba. Mwezi mzima sijapata jibu lako. Lori la Hamza liliharibika giaboksi Mlandizi, likalala gereji, na lori lililokuja badala yake linapita njia nyingine. Yawezekana uliandika. Kama hukuandika, basi umechoka na mimi kama wengine.

Huku mambo yamekuwa mazuri. Napumzika vizuri, nakula nyama yangu yote. Yule mzee ameondoka. Msimamizi wetu Khalfani ameniambia kuanzia sasa nishike kazi yake ya kugonga ukuta, kwa kuwa mimi ni kijana na nimesoma mpaka kidato cha pili. Nagonga, ukuta unalia, sijui unasema nini. Nawaambia wachimbe.

Watu wamepunguza kucheka. Recho ananipakulia bila kuniangalia, lakini ananipakulia.

Mtoto wa Saida mmempa jina gani? Nilisikia kwa Hamza kabla hajaharibikiwa kwamba tumbo lilikuwa limeshuka.

Mimi,
Yassin


Gwata
15 Agosti 2024

Yassin,

Mtoto anaitwa Maua. Anakusalimu kwa kulia, maana ndiyo kazi anayoiweza.

Barua yangu nilimpa Hamza tarehe kumi na nane Julai. Nimemkuta jana gereji, amelala chini ya lori lake, nikamwuliza barua iko wapi. Akaitoa chini ya kiti, imelowa oili. Nimemshika sikio mbele ya mafundi, mtu mzima yule, na hakubisha. Kasema lori linapona wiki hii na atakuletea zote mbili pamoja. Soma ile yenye oili kwanza.

Hii ina swali moja tu. Umeandika mzee ameondoka. Hukuandika ameondokaje. Mtu aliyekaa mahali miaka kumi na moja haondoki kama mvuke. Ulipokuwa mdogo ukivunja kikombe ulikuwa unasema kikombe kimevunjika. Ameondokaje, Yassin?

Sikudhani


Machimboni, Kisarawe
25 Agosti 2024

Shangazi, shikamoo.

Nimepokea zote mbili juzi. Nimesoma ile yenye oili mara tatu, polepole kama ulivyotaka.

Sina habari za kukuuliza, wacha niseme. Tarehe ishirini na saba Julai niliamka sikukuta mabuti yangu, yale mapya. Mahali pake pamewekwa ya Ponsiano, yametoboka yote mawili. Nikatoka peku, nikamwona amevaa yangu, anacheza nayo mbele ya watu. "Mkwere anakwenda peku kama alivyozaliwa." Watu wakajishika mbavu. Shangazi, nilimwona kabisa kwamba ananisubiri nifanye kitu. Nilidhani anasubiri nilie.

Nikaenda kwa Khalfani nikasema Ponsiano ni mwizi. Khalfani ni mtu wa Mtwara, ana kanuni moja: wizi, unaondoka siku hiyohiyo. Akamwita. Mzee alidhani ni utani unaendelea, akaja anacheka. Khalfani akamwuliza, "Hayo mabuti ni yako?" Akajibu, "Ni ya mtumwa wangu." Khalfani akasema fungasha. Ndipo mzee akaniangalia mimi. Aliyavua pale pale, akayafuta udongo kwa shati lake, akayapanga mbele ya miguu yangu. Akaondoka na yake yaliyotoboka.

Ndivyo alivyoondoka.

Na kuna jingine. Jumatano ukuta umeanguka. Niliugonga asubuhi, nikawaambia mko salama. Mwenzetu Latifu amevunjika mguu. Wenzangu wameniambia kwamba Ponsiano alikuwa akisikia ule mlio wa uwazi ndani ya ukuta anawatoa watu wote shimoni, na kwamba miaka kumi na moja hakuna aliyeumia. Mimi nilidhani anakwepa kazi.

Lakini shangazi, na wewe nakukasirikia. Mnaniambia leo? Nina miaka kumi na tisa. Mnataka nijue utani kutoka wapi? Utani ninaoujua ni wa Simba na Yanga. Na nikwambie ninachokijua kuhusu watu wa huko kwenu. Nilikuwa na miaka kumi na minne tulipomzika baba. Mwili uko kwenye jeneza, kaburi liko wazi, mtu mzima akaruka ndani, akalala chali, akasema hatoki, kwamba marehemu alikuwa mvivu na atamaliza nafasi bure. Na watu walicheka. Wewe ulicheka, nilikuona. Mimi nilimrushia udongo, mama akanishika mkono tukaondoka hata dua haijaisha. Hakuna aliyetufuata kutuambia kitu. Miaka mitano nimejua kwamba baba yangu kwao alikuwa mtu wa kudharauliwa. Ndiyo sababu siji Gwata. Ulikuwa unaniuliza kila Idi kwa nini siji. Ndiyo hiyo.

Yassin


Gwata
8 Septemba 2024

Mwanangu Yassin, marahaba.

Nimechelewa. Nilianza barua hii mara nne. Mihogo imeniozea mezani nikiifikiria.

Mtu aliyelala kaburini ni Twalibu, mwenye mashine ya kusaga, Mnyamwezi. Kaburi lile alilichimba yeye. Tulipompelekea habari ya baba yako saa kumi alfajiri alikuwa wa kwanza kufika, na jembe lake, na hakumwachia mtu mwingine. Alilia akichimba, sisi tukimwona. Halafu mwili ulipofika, akaruka ndani. Kazi ya mtani msibani ni hiyo, kuwafanya wafiwa wacheke japo kidogo, wasije wakaanguka. Mimi nilikuwa sijala siku mbili. Nilicheka, ndiyo, na baada ya kucheka ndipo nikaweza kulia. Baba yako alipofiwa na mama yetu, Twalibu alimfunga kamba kiunoni akamtembeza kijijini kama mbuzi anayeuzwa. Baba yako alikuwa anapenda kuisimulia ile. Hakukusimulia kwa kuwa mama yako hakupenda mambo hayo, na yeye alitaka amani nyumbani.

Mtu wa kudharauliwa, hakuna anayeruka kaburini mwake, Yassin. Anafukiwa watu wakaenda zao.

Sasa la kwangu. Niliwaona mnaondoka. Nilikuona umerusha udongo, nikajua hukuelewa, na mama yako Eugenia hakuelewa. Ningeweza kukimbia, ni hatua hamsini mpaka barabarani. Nilisema moyoni, mwache aende, huyu mwanamke wa bara aliyemchukua kaka yangu akampeleka Kongowe, na asielewe. Hivyo ndivyo nilivyosema. Halafu kila Idi nakuuliza kwa nini huji, najifanya sijui. Usiniombe nieleze zaidi ya hapo.

Ila hayo hayampi mzee wa watu ugali wake. Wewe ndiye uliyetamka neno mwizi, wewe ndiye utakayelitoa. Nenda kwa Khalfani. Halafu mtafute Ponsiano.

Shangazi yako


Kisarawe
22 Septemba 2024

Shangazi, shikamoo.

Sijui niseme nini kuhusu barua yako. Nimeisoma. Tuiache kwanza.

Nilikwenda kwa Khalfani siku ileile. Nilimwambia mbele ya watu kwamba mzee hakuiba. Akasema, "Siku ile ulidanganya au leo unadanganya?" Nikamwambia siku ile nilisema kweli lakini nilikosea. Akanitazama sana. Akasema yeye ana shimo linaloanguka, ana mtu amevunjika mguu na ana mabosi wanapiga simu, hana kichwa cha kuchambulia mambo ya makabila yetu. Mwisho akasema: "Mlete mzee, kazi yake ipo. Wewe ukishamleta, chukua begi lako. Sitaki mtu anayetaja mwizi halafu anamfuta." Sikubisha. Nimechoka hata kubisha.

Ponsiano amepanga chumba nyuma ya soko la Kisarawe mjini. Anabebea watu magunia, na umri ule. Nilimkuta ameketi mlangoni. Nilijiandaa kutukanwa, nilitaka kabisa anitukane. Alisimama. Akaniita bwana Yassin. Akafuta kigoda kwa kiganja akanipa nikae, yeye akakaa kwenye ndoo. Akaniletea maji kwenye glasi. Akauliza habari za kazi na kama mama yangu hajambo.

Nikampigia magoti nikamwomba msamaha. Nimelia, nakwambia ukweli. Akasema, "Hapana bwana, inuka. Kitu chako kilichukuliwa, ukasema. Ni haki yako." Nikamwambia Khalfani anamrudisha. Akasema anashukuru sana, lakini kambini harudi, kwa sababu hawezi kula chungu kimoja na watu waliosikia anaitwa mwizi wakanyamaza. Kisha akanisindikiza mpaka barabarani kama mgeni mzito.

Shangazi, tangu nifike hapa nilikuwa nataka mzee yule aniheshimu. Sasa ananiheshimu. Afadhali angenipiga.

Nimepewa mpaka tarehe kumi na tano mwezi ujao. Asiporudi, Khalfani anamweka mtu mwingine, na mtu mwenyewe hajui kugonga kama mimi nisivyojua. Nimefanya yote uliyosema. Sasa nifanye nini?

Yassin


Mlandizi, sokoni
29 Septemba 2024

Yassin,

Naandika haraka, Hamza anapiga honi na nina wateja.

Nilikwambia umtafute. Nani alikwambia umpigie magoti? Ee Mola, mtoto huyu. Radhi anaombwa jirani, anaombwa mgeni. Ukimwomba mtani radhi umemwambia kwamba wewe na yeye si watani tena, na yeye amekubali, ndiyo maana ya kile kigoda na yale maji. Amekufanya mgeni. Mzee ana akili kuliko wewe na mimi.

Rudi. Usipige hodi. Usimwamkie. Chukua kitu chake, kitu anachokihitaji wakati huohuo, uondoke nacho mchana kweupe, watu wakiona. Usikimbie, mwizi ndiye anayekimbia. Akinyamaza, basi yameisha na utakirudisha kwa adabu na uje nyumbani. Akisema neno lolote, umempata.

Usinijibu mpaka ufanye.

S.


Kisarawe
13 Oktoba 2024

Shangazi, shikamoo.

Habari za hapo, na Maua, na choo cha mjomba Amiri? Mwandiko utauvumilia, vidole viwili vimeungua. Kambini nimefungasha, kama Khalfani alivyotaka. Alhamisi nitapanda lori la Hamza mpaka Mlandizi, halafu nitakuja na wewe Gwata jioni. Usipike kitu cha pekee. Nataka kwanza nipite kwa huyo Twalibu, sijui nitamwambia nini.

Nilikwenda jana saa saba mchana. Wapangaji wote wa nyumba ile walikuwa uani. Ponsiano alikuwa na jiko la mkaa mlangoni na sufuria ya maharage juu yake, yanachemka, na yeye ameinama anapepea. Nilifika, sikusalimu. Nilivua shati, nikalikunja, nikaishika sufuria kwa shati nikainyanyua jikoni, nikageuka nikaanza kutembea.

Mama mmoja akasema, "Heh, huyu vipi?" Wengine wakasimama. Shati halikutosha, sufuria ikawa inanichoma, mchuzi unanirukia tumboni, na nimekumbuka maneno yako nisikimbie, kwa hiyo natembea kama bwana harusi huku naungua. Nyuma kimya. Nikapita kisima. Kimya. Nikafika kwenye ua wa mabati, pale penye uchochoro wa kutokea sokoni, nikawa nawaza nitageuka vipi kuirudisha kwa adabu, na nitasema nini, na machozi yameanza, sijui ya moto au ya nini.

Ndipo nikamsikia. Hakupaza sauti hata kidogo. "We mtumwa," akasema, "rudi hapa. Chumvi sijatia."

Mimi,
Yassin Hamidu, Mkwere wa Gwata